Lita 10 kila siku: je, shemeji yangu ananiibia mafuta?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 38, mkazi wa Tabata na mama wa watoto watatu. Nina biashara ya kusambaza maji ya kunywa ya chupa, ambayo niliianza kwa kuuza katoni chache dukani kwangu, na sasa ninawapelekea wenye maduka, vibanda na mama lishe kuanzia Tabata na Segerea hadi Buguruni, Vingunguti na baadhi ya mitaa ya Kariakoo. Mwaka jana, kwa mkopo wa kikundi chetu cha akina mama pamoja na akiba ya mume wangu, tulinunua kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, kilichotumika. Dereva hatukumtafuta nje. Mdogo wake mume wangu alikuwa amepata leseni na hana kazi, akaja kutoka Muheza, tukampa chumba cha uani, chakula cha jioni anakula nyumbani, na kila siku ya kazi ninampa posho ya shilingi 12,000.

Pamoja na posho hiyo, kila asubuhi ninamkabidhi shilingi 30,000 za mafuta. Kiasi hiki hatukukipanga kwa hesabu yoyote. Siku ya kwanza nilimuuliza zitatosha shilingi ngapi, akanitajia hizo, nikampa, na imebaki hivyo hadi leo, bei ya petroli ipande au ishuke. Nakiri kwamba hajawahi kuniomba fedha nyingine yoyote kwa ajili ya gari, isipokuwa wakati wa kubadilisha oili na mara moja tulipohitaji tairi.

Hivi karibuni, baada ya kuona faida haiongezeki ingawa wateja wameongezeka, niliketi na daftari usiku nikapiga hesabu. Aliyetuuzia gari alituhakikishia kwamba linakwenda kilomita 18 kwa lita moja. Nikapima njia anayopita kwenye ramani ya simu, kutoka nyumbani hadi ghala la jumla anakopakia katoni 60, kisha kwa wateja wote na kurudi, nikapata kama kilomita 60. Ukigawanya 60 kwa 18 unapata lita tatu na kidogo, ambazo kwa bei ya siku ile, takriban shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 10,000. Nikashtuka. Zile 20,000 nyingine zinakwenda wapi? Nikazidisha kwa siku 26 za kazi nikapata 520,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya milioni 6, fedha ambazo zingemaliza deni la kikundi na kubaki.

Kilichonitia uchungu zaidi ni kwamba miezi michache iliyopita shemeji huyu alianza kulipia kiwanja huko Chanika, kwa awamu. Alinieleza kwa furaha kabisa, nami nikampongeza. Sasa kila nikikumbuka pongezi zile najiona mjinga.

Mume wangu anafanya kazi Mtwara na huja nyumbani kila baada ya miezi miwili. Nilipomweleza kwa simu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema nisimvunjie undugu kwa sababu ya petroli. Jirani yetu mwenye bajaji anasema madereva wote ndivyo walivyo na kwamba nilichelewa kushtuka. Rafiki yangu mmoja ananishauri nifunge kifaa cha kufuatilia gari bila shemeji kujua. Mwingine anasema niache kabisa kumpa fedha za mafuta, badala yake nimpangie hesabu ya kuleta kila jioni, mafuta ajue mwenyewe. Kwenye dashibodi kisomeo cha kilomita hakifanyi kazi tangu tulinunue gari, kwa hiyo hata nikitaka kumhakiki sina pa kuanzia.

Mwenyewe sijamuuliza, ila najua amehisi kitu, kwa maana salamu zetu zimekuwa fupi. Mwezi ujao kuna kikao cha familia Muheza kuhusu harusi ya wifi yangu, na mama mkwe atakuwepo. Nimefikiria kubeba daftari langu na kuliweka mbele ya wazee ili jambo hili limalizwe na watu wazima. Nikilifikiria hilo usiku naliona ni sawa, lakini asubuhi naliogopa. Nifanye nini?

Mke wa Kaka, Tabata

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, nakushukuru kwa kueleza jambo lako pamoja na tarakimu zake, kwa sababu wengi wanaoniandikia kuhusu fedha huniletea hasira bila hesabu. Nikikuelewa vizuri, mambo mawili yanakusumbua kwa pamoja, nawe umeyafunga katika furushi moja. La kwanza ni la kipimo: kirikuu chako kinatumia petroli kiasi gani kwa siku? La pili ni la moyo: mtu uliyempokea nyumbani kwako na kumlisha, je, anakudanganya? Umelijibu la kwanza kwa daftari la usiku mmoja, kisha ukalitumia jibu hilo kulihukumu la pili. Ninaomba turudi kwenye daftari kwanza. Sina nia ya kumtetea shemeji yako, ambaye simjui, bali nataka tujue daftari lile lina uwezo wa kubeba mzigo gani.

Ulichokifanya ni kadirio la haraka, na ni jambo jema ambalo wafanyabiashara wengi hawalifanyi. Kadirio la namna hiyo linajibu vizuri swali la kama kitu ni kimoja, kumi au mia. Kama ungekuwa unampa shemeji shilingi 300,000 kwa siku, daftari lako lingetosha kabisa kumwita mbele ya wazee, kwa kuwa hakuna kirikuu kinachoweza kunywa lita 100 kwa siku moja kati ya Tabata na Kariakoo. Lakini tofauti uliyoipata ni ya mara tatu tu, na hapo ndipo ninaposita. Enrico Fermi, mwanafizikia mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani, anakumbukwa kwa ufundi wake wa kukisia mambo makubwa kwa vitu vidogo. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza la nyuklia lilipojaribiwa katika jangwa la New Mexico, aliachia vipande vya karatasi wakati wimbi la mlipuko lilipokuwa likipita, akaangalia vimesukumwa umbali gani, akasema nguvu yake ni sawa na tani 10,000 za baruti ya TNT. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba ilizidi tani 20,000. Alikosea kwa zaidi ya mara mbili, na bado kadirio lile linasifiwa, kwa sababu lilitosha kujibu kama ni maelfu, makumi ya maelfu au malaki. Hakuna mtu aliyetaka kulitumia kumshtaki mwizi.

Sasa tuziangalie namba zako moja moja. Jambo lililonigusa nilipozisoma ni kwamba kila mahali palipokuwa na shaka, ulichagua namba inayopunguza mafuta. Makosa yanayokwenda pande tofauti hufidiana, lakini makosa yote yakiegemea upande mmoja huzidishana.

Kilomita 60 ni njia ya ramani, nayo ramani ilikupa njia iliyonyooka ambayo kila mteja yupo dukani, kila kibanda kimefunguliwa, na hakuna anayepiga simu saa saba mchana akisema katoni zimemwishia. Haijui kwamba Barabara ya Mandela ikifunga, dereva huingia mitaani na kuzunguka, au kwamba ukipita mlango wa mteja kwenye barabara yenye njia mbili zilizotenganishwa utakwenda mbali kabla ya kupata pa kugeuzia. Je, gari hurudi ghalani mara ya pili siku za Jumamosi au siku za joto kali? Wewe ndiye unayejua mauzo ya siku hiyo. Mimi ningeiweka siku ya kawaida kati ya kilomita 65 na 80, na hata hapo ninakisia.

Zile kilomita 18 kwa lita ni maneno ya muuzaji, na hata yangekuwa maneno ya kiwanda nisingeyapokea yote. Namba za kiwanda hupatikana ndani ya jengo la majaribio, gari likiwa juu ya magurudumu ya kuzungushia, kwa mwendo uliopangwa na bila mzigo wa maana. Hata hizo zina historia yake: mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi Motors ilikiri nchini Japani kwamba ilipotosha takwimu za matumizi ya mafuta za magari yake madogo, yaani magari ya kundi lilelile la injini ya sentimita za ujazo 660 ambamo vikirikuu vyetu vinatoka. Gari lako, zaidi ya hayo, limetumika kwanza Japani na sasa linatumika hapa, na plagi, kisafisha hewa na upepo wa tairi vinaweza kuwa vimepunguza kilomita kadhaa kutoka kwenye namba hiyo.

Halafu kuna mzigo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nadhani ndipo penye mafuta yako mengi. Unasema asubuhi gari hupakia katoni 60. Ikiwa ni katoni za chupa 12 za lita moja na nusu, kila moja ina lita 18 za maji, nayo lita moja ya maji ina kilo moja. Kwa hiyo katoni 60 zina kilo 1,080, ambazo ni zaidi ya uzito wa gari lenyewe likiwa tupu. Gari likiondoka ghalani na dereva na utingo wake, una karibu kilo 2,000 zinazosukumwa na injini ya ukubwa unaokaribia ule wa pikipiki kubwa.

Waliosoma fizikia wanirekebishe nikikosea, lakini nguvu ya kuziondoa kilo 2,000 kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni kama kilojuli 120. Lita moja ya petroli ina megajuli takriban 32 (megajuli moja ni kilojuli 1,000), ambazo injini hupeleka kwenye magurudumu kama sehemu moja ya tano tu katika mwendo wa mjini. Nyingine hutoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Ukigawanya, lita moja inatosha kuliondoa gari hilo lililojaa mara 50 hivi. Kila breki inapokanyagwa nguvu hiyo hupotea, na kuondoka tena ni kuinunua upya. Jiulize sasa ni mara ngapi gari linasimama na kuondoka kati ya Tabata, Buguruni na Kariakoo, kwenye taa, nyuma ya daladala, kwenye kila kibanda. Tukisema mara 100, na tukikumbuka kwamba mzigo hupungua kadiri siku inavyokwenda, tumeshatumia kati ya lita moja na mbili kwa kuondoka tu, kabla ya kuhesabu mwendo wenyewe. Ongeza pia muda ambao injini inanguruma gari likiwa limesimama. Injini ndogo ya aina hiyo hunywa karibu nusu lita kwa saa bila kwenda popote. Je, shemeji huizima wakati utingo anashusha katoni? Kama haizimi, saa mbili za namna hiyo ni lita moja nyingine.

Kwa hiyo mimi nisingeweka kilomita 18 kwa lita. Ningeweka kati ya 10 na 14, nikijumuisha foleni na mzigo. Ukichukua kilomita 65 kwa 14 unapata lita tano kasoro. Ukichukua 80 kwa 10 unapata lita nane. Wewe unatoa fedha za lita 10, au tisa na nusu pale Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, inapotangaza bei kikomo ya juu zaidi katika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Pengo lako, basi, si la 20,000 kwa siku. Liko mahali fulani kati ya 6,000 na 16,000, na mimi mwenyewe nisingeshangaa likiwa nje ya hapo, kwa kuwa nimekisia kama ulivyokisia wewe, tofauti yetu ikiwa tu kwamba sikuwa na hasira wakati wa kukisia.

Unaona kwamba pengo halijafutika. Sitaki ufunge gazeti hili ukidhani nimekuambia shemeji hana kosa. Inawezekana kabisa kwamba kila siku anatia mafuta ya 20,000 na kubaki na 10,000, na kwamba anajua anachokifanya. Lakini barua yako ina sentensi moja uliyoiandika kama ya kupita, na mimi nilirudi kuisoma: hajawahi kukuomba fedha nyingine yoyote kwa ajili ya gari. Gari la mizigo halimalizi mwaka mjini bila kupata pancha, bila ushuru wa maegesho Kariakoo, bila kuwapa chochote vijana wanaosaidia kubeba katoni hadi ghorofani, bila vocha ya kuwapigia wateja wanaoficha maduka yao vichochoroni. Chakula cha jioni anakula kwako; cha mchana anakula wapi, na utingo je? Sahani moja ya mama lishe kwa kila mmoja wao, ushuru kidogo na vocha haviko mbali sana na ile 6,000. Huenda fedha za mafuta zimekuwa mfuko wa kila kitu, na huenda yeye anadhani unajua, kwa vile hujawahi kumuuliza gharama hizo zinatoka wapi. Kama ndivyo, kosa lipo, ila ni kosa la mpango usiosemwa, na jina lake si wizi.

Kuhusu kiwanja cha Chanika, ninakuomba utumie daftari lilelile upande wa pili. Posho ya 12,000 kwa siku 26 ni 312,000 kwa mwezi. Kijana asiyelipa kodi ya nyumba na asiyenunua chakula cha jioni akiweka nusu yake, anakusanya zaidi ya 1,800,000 kwa mwaka. Kama awamu zake za kiwanja ni za ukubwa huo au chini yake, kiwanja hakisemi lolote kuhusu petroli yako. Kama ni kubwa maradufu, hilo ni jambo la kufikiriwa. Wewe umesema alikueleza mwenyewe, tena kwa furaha. Watu hutofautiana, lakini mimi huona mtu anayeficha chanzo cha fedha kwa kawaida hujaribu pia kuficha zinakokwenda.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako, na hatari zake.

Kifaa cha kufuatilia gari kitakupa kilomita, nalo ni jambo usilokuwa nalo sasa kwa kuwa kisomeo kimekufa. Hakitakuambia lita. Ukikifunga kwa siri na kukuta kwamba anakwenda kilomita 85 na si 60, utakuwa umemchunguza ndugu kisirisiri na kugundua kwamba alikuwa anafanya kazi zaidi ya ulivyodhani. Na siri za namna hiyo huvuja, mara nyingi kupitia fundi aliyekifunga. Ukikifunga kwa wazi, kama kifaa cha ulinzi wa gari la mkopo, hakuna anayeweza kukulaumu, ila jiandae kulipia huduma yake kila mwezi. Kutengeneza kile kisomeo cha dashibodi pengine kutakugharimu kidogo zaidi siku ya kwanza, lakini hakuna ada inayofuata.

Mpango wa hesabu ya jioni unavutia kwa kuwa unakuondolea kabisa swali la mafuta. Watu wa daladala, bodaboda na bajaji wanauishi. Tatizo ni kwamba biashara yako ni ya kupeleka mzigo kwa wateja wanaokuamini wewe, na dereva anayelipa mafuta mfukoni mwake ataanza kuona mteja wa Vingunguti mwenye katoni mbili ni hasara, atamruka, nawe utasikia habari hizo mteja akishahama. Oili nayo hucheleweshwa, na injini ni yako. Tena itakubidi ujue mafuta halisi ya siku ili upange hesabu iliyo ya haki, kwa hiyo unarudi palepale.

Kipo kipimo kisichohitaji kisomeo wala kifaa, nacho ni kujaza tangi hadi juu. Siku ya kwanza asubuhi gari linajazwa kabisa, halafu lita zote zitakazotiwa hadi siku ya mwisho, gari likijazwa tena kabisa kwenye kituo kilekile, ndizo zilizotumika. Usifanye kwa siku moja, kwa sababu pampu hukata mapema au kuchelewa, na kosa la lita moja katika lita nane ni kubwa, ilhali kosa hilohilo katika lita 50 za wiki nzima halina uzito. Chukua risiti kila mara. Tangi la gari la aina hiyo huchukua lita 30 na kitu, kwa hiyo siku ya kwanza itakulazimu kutoa fedha nyingi kuliko kawaida. Udhaifu wake ni kwamba kinapima yaliyotoka kwenye tangi, yawe yamechomwa na injini au yamenyonywa kwa mpira, na kwamba dereva anayejua anapimwa anaweza kuendesha kwa namna nyingine wiki hiyo. Bado kitakupa namba iliyo bora kuliko yako na yangu.

Swali gumu ni kama umshirikishe. Ukimwambia, “Shemeji, nataka tujue gari hili linakula kiasi gani ili nipange bei ya katoni upya,” utakuwa umesema kweli, kwa sababu bei zako hazikuwahi kujumuisha usafiri kwa hesabu, na utakuwa umempa nafasi ya kutaja zile gharama ndogondogo bila kujitetea. Hatari ni kwamba, kama kweli alikuwa akichukua, ataacha wiki hiyo na usijue kamwe yaliyopita. Je, unahitaji kuyajua yaliyopita, au unahitaji kwamba kuanzia sasa fedha zionekane? Hilo siwezi kukujibia, kwa sababu wapo watu ambao hawawezi kula meza moja na mtu kabla hawajajua, na wapo wanaoweza. Baada ya barua yako yote bado sijui wewe ni yupi.

Kikao cha Muheza kinanitia wasiwasi kuliko kirikuu. Daftari lako mbele ya mama mkwe, katika shughuli ya binti yake, litakuwa tuhuma ya mke wa kaka dhidi ya mtoto wa nyumba ile, na namba zilizomo zinaweza kuvunjwa na kijana yeyote aliyewahi kuendesha gari la mizigo. Akisimama mjomba mmoja akauliza, “Hizo kilomita 18 ulipima wewe?” utajibuje? Neno likishatoka hapo halirudi hata kama baadaye vipimo vitakupa haki. Kwa upande mwingine, naelewa kwa nini unakitamani kikao: mume wako alikuachia jambo zito kwa sentensi moja ya simu, nawe umetafuta watu wazima wa kulibeba pamoja nawe. Huenda yeye naye alisikia tuhuma pale ambapo ulikuwa unaomba msaada. Ungeweza kumpigia tena, safari hii bila ile milioni 6, umwombe jambo moja tu, kwamba akija likizo akae na nyinyi wawili mkiwa na risiti za wiki moja mezani. Mtu huona ugumu kukataa ombi dogo kama hilo, na akilikataa utakuwa umejua jambo jingine ambalo nalo litahitaji mazungumzo yake.

Katika haya yote uamuzi ni wako, isipokuwa moja ambalo sitakuwa na adabu ya kukuachia. Magari ya kundi hilo yalitengenezwa kubeba kilo 350. Hizo ni katoni 19, nawe unapakia 60. Breki, springi na tairi za kirikuu chako zinabeba mara tatu ya kilichokusudiwa, kwenye barabara ambazo bodaboda hukatiza bila taarifa, na anayeketi nyuma ya usukani ni huyo huyo shemeji. Punguza mzigo kuanzia kesho, hata kama itamaanisha kurudi ghalani mara mbili na petroli ikaongezeka, na kabla ya hapo mpeleke fundi akaziangalie breki.